Kiapo cha Bara na Visiwani

Karatasi iliandikwa Jumapili baada ya ibada, kwenye meza ya chakula, na mwandishi alikuwa Mzee Ombeni kwa sababu ndiye pekee aliyekuja na kalamu. Mzee Ombeni alikuwa mzee wa kanisa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja, na ugonjwa huo haukuwahi kumtoka.

"Jina kamili," alisema.

"Mzee, unanijua. Tuko kwaya moja."

"Mimi nakujua. Karatasi haikujui."

Boazi Silwimba akataja jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake aliyefia Mbozi kabla yeye hajazaliwa. Mkewe, Loisi, alikuwa amekaa mkabala naye, mikono kaifunga kifuani. Binti yao Jenista, wa darasa la saba, alisimama nyuma ya kiti cha mama yake akilisoma kila neno lilivyotoka kwenye kalamu.

"Nikiwa na akili zangu timamu," aliandika Mzee Ombeni huku akitamka.

"Hapo acha nafasi kwanza," alisema Loisi.

"Mama Jeni, hii ni lugha ya kawaida ya viapo."

"Haya. Andika. Tutaona."

"Naapa kwamba sitakunywa, sitaonja, sitalamba wala sitanusa kileo cha aina yoyote, kiwe cha kiwandani au cha kienyeji."

"Kunusa ondoa, mzee," alisema Boazi. "Jirani anapika komoni ukutani kwangu. Nitakuwa nimevunja kiapo kabla hujafika kwako."

Mzee Ombeni alifikiri, akakata neno moja kwa mstari ulionyooka, akatia sahihi pembeni. Kisha akainama tena. "Kwa muda wa siku thelathini, ndani ya mipaka ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Bara na Visiwani."

"Visiwani nako?"

"Lazima. Ukiacha Visiwani, karatasi inakuwa na tundu."

Boazi hakuwahi kuiona bahari, lakini aliapa kwa niaba ya Zanzibar pia, akatia dole gumba kwenye wino ingawa alijua kuandika, kwa sababu Mzee Ombeni alikuja na kidau cha wino na ingekuwa vibaya kumnyima. Nyumba hiyo iko Majengo, Tunduma. Ukisimama mlangoni na kutazama kulia, unaona bati za Zambia. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyetazama kulia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Boazi alikuwa dereva wa malori, tena mzuri, na kwa mwaka mmoja na nusu hakuna tajiri aliyekubali kumwachia hata funguo za bajaji. Sasa shule ya masista iliyoko Mpemba, anakosoma Jenista, ilikuwa inatafuta dereva wa Kosta ya wanafunzi, maana dereva wa zamani alikuwa anarudi kwao Isongole kulima. Sista Fides, mkuu wa shule, alikubali kumchukua Boazi kwa sharti: siku thelathini bila pombe, na kila asubuhi aje anuswe. Siku ya thelathini na moja angekabidhiwa usukani.

"Na nikishindwa?" Boazi alimuuliza mkewe baada ya mzee kuondoka.

"Nitaenda kwetu Mbozi na Jeni. Kahawa inachumwa, kaka zangu wanahitaji mikono."

"Unanitisha."

"Sikutishi, Baba Jeni. Nakupa ratiba."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa anakusanya vikombe, na hapo ndipo Boazi alipoogopa.


Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Boazi alitokwa na jasho kwenye baridi ya Agosti, alitapika chai, na mikono yake ilitetemeka hadi akashindwa kufunga vifungo vya shati. Alilala sebuleni kwenye mkeka, maana Loisi alisema kitandani wanalala watu waliomaliza siku thelathini. Jenista alianza kummiminia chai nusu kikombe bila kuambiwa na mtu.

"Mbona nusu?"

"Sukari imepungua, baba."

Sukari ilikuwepo. Ila kikombe kilichojaa kilikuwa kinamwagika njiani kabla hakijafika mdomoni, na Jenista hakutaka kuona sura ya baba yake kinapomwagika.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya Sista Fides, kwenye uwanja wa nyumba ya masista hapo mjini, ambako Kosta ililazwa. Sista alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene. Alikuwa akimwambia, "Puliza," naye anapuliza. Sista anafumba macho, anavuta pumzi ndefu, anakaa nayo, kisha anasema, "Nenda na amani."

Ukweli ambao hakuna aliyeujua hapo mjini ni kwamba Sista Fides alikuwa hasikii harufu yoyote. Miaka mitatu nyuma alipata mafua makali, na yalipoondoka yaliondoka na pua. Hakumwambia mtu. Mpishi wa shule alikuwa anaogopa kuunguza maharage kwa sababu ya pua ya Sista, na Sista aliona si busara kuwakosesha wanafunzi maharage mazuri kwa ajili ya ukweli mdogo kama huo. Kwa Boazi aliamini jambo lilelile: mtu anayejua atanuswa asubuhi atafikiri mara mbili jioni. Alimwombea, akamtazama machoni, akaona macho yanaanza kuwa meupe. Kwake hiyo ilitosha.

Mtaani habari za karatasi zilifika kabla ya Jumatano. Wanawake wa bombani wakambatiza jina.

"Visiwani, habari za asubuhi?"

"Salama."

"Pweza hawajambo huko?"

Boazi alijaza ndoo yake na kuondoka. Alikuwa mwanaume wa pekee anayeteka maji pale bombani, kwa sababu Loisi aliondoka alfajiri kila siku kwenda kuuza uji wa ulezi na chapati kwa madereva wa malori waliopanga foleni ya mpakani. Wengi wa madereva hao walikuwa wenzake wa zamani. Walikuwa wakimwambia Loisi, "Shemeji, msalimie Boazi," na Loisi alijua wanamcheka mumewe, akawapa uji wao wa moto.


Siku ya kumi na saba Boazi alikuwa anapita karibu na mpaka, ameshika mfuko wa dagaa, alipoitwa na Deus. Deus alikuwa mbadilisha fedha. Alikaa kwenye stuli ya mbao na bunda la kwacha mkononi, akiwasemesha Wazambia kwa Kibemba, Wakongo kwa Kiswahili chao, na askari kwa unyenyekevu. Yeye na Boazi walikunywa pamoja miaka mingi.

"Mwanangu, unakonda. Twende nikununulie kamoja."

"Nina kiapo, Deus."

"Nimekisoma. Mzee Ombeni amekibandika kwenye ubao wa matangazo ya kanisa."

"Amekibandika?"

"Na muhuri. Umesoma ulichokiapa lakini? Ndani ya mipaka ya Jamhuri ya Muungano." Deus akanyoosha mkono upande wa pili wa barabara, kwenye maduka ya Nakonde. "Pale ni Bara au ni Visiwani?"

Boazi alitazama. Ilimchukua muda, maana alikuwa mtu mwaminifu na mawazo ya namna hiyo hayakumzoea.

"Pale ni Zambia," alisema taratibu.

"Mimi sijasema kitu. Wewe ndiye umesema."

"Lakini Loisi atajua. Nitachelewa kurudi."

Hapo Deus akaweka bunda la kwacha mfukoni, maana jambo lilihitaji vidole vyote. "Sikiliza hesabu. Hapa sasa hivi saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ukivuka, kule saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Unakunywa saa nzima, umetulia, huna presha. Inakuwa saa ngapi kule?"

"Saa kumi."

"Umeanza saa kumi, umemaliza saa kumi. Umekunywa dakika ngapi?"

Boazi alisogeza mfuko wa dagaa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Sifuri," alisema.

"Dakika sifuri, nje ya mipaka. Hata Mzee Ombeni mwenyewe akikupeleka mahakamani unashinda."

Kuvuka ni hatua tu kwa mtu wa Tunduma. Kule nyuma ya maduka palikuwa na kibanda cha Brenda, mama wa Nakonde mwenye kicheko kikubwa, aliyeuza pombe kali kwenye vichupa vya plastiki vidogo kama vya dawa ya kikohozi.

"Mulishani, bashikulu," alimkaribisha.

"Kasemaje?" aliuliza Boazi.

"Kakusalimia. Kakuita babu," alisema Deus.

Boazi alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikaa, akapewa kachupa kamoja, na kalipomfika tumboni mikono yake ikaacha kutetemeka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Aliitazama juu ya meza ikiwa imetulia, akataka kulia kwa furaha. Hakujua kwamba hapo ndipo alipotakiwa kuogopa.

Aliporudi Majengo akiwa anatafuna majani ya mpera kuua harufu, saa ya ukutani ilisema kumi na moja na nusu. Hiyo saa iliyopotea aliihesabu kuwa ushuru wa forodha.


Kamoja kakawa kawili. Siku ya ishirini, Boazi alikuwa anavuka kila jioni, na kwa sababu Deus alinunua mara mbili tu kisha akasahau pochi, Boazi akauza viatu vyake vyeusi vya udereva kwa mdogo wake Brenda. Akaanza kwenda kunuswa na ndala.

"Viatu viko wapi?" aliuliza Loisi.

"Kwa fundi."

Zikapita siku nne.

"Huyo fundi anashona viatu au anajenga meli?"

"Anangoja soli, mukwai."

Loisi aliacha kupepeta ulezi, akamtazama. Neno hilo la heshima wanalitumia watu wa ng'ambo ya mpaka. Mumewe hakuwahi kulitumia. Lakini pia mumewe alikuwa mchangamfu siku hizo, alikuwa akifunga vifungo vyake mwenyewe, alikuwa akimuuliza Jenista maswali ya hesabu, na kila asubuhi Sista alimpitisha. Sista na pua yake maarufu. Loisi alirudi kwenye ulezi. Alitaka sana mambo yawe hivyo yalivyoonekana, na kwa siku kadhaa alijitahidi.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumanne. Asubuhi Sista Fides alimnusa Boazi, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Kesho njoo kabla ya saa kumi na moja na nusu. Dereva wa zamani ameshaondoka. Ni mtihani wa taifa wa darasa la saba, na saa mbili kamili mlango unafungwa. Watoto ishirini na wawili, Boazi. Nakupa funguo kesho kwa mkono wangu."

"Nitakuwepo, Sista."

"Na binti yako yumo."

"Yumo, Sista."

Alitoka pale akitembea kama mtu mrefu. Alikusudia kwenda moja kwa moja nyumbani. Lakini mtu aliyemaliza siku thelathini anastahili pongezi, na nyumbani hakukuwa na mtu, na pale Zambia ilikuwa bado mapema. Alijizuia hadi alasiri, akavuka saa kumi. Alipomaliza dakika sifuri akaongeza dakika sifuri nyingine, na nyingine, na zote kwa pamoja zikatimia saa tatu. Alirudi na kachupa kamoja mfukoni, akatafuna mpera, akaweka kengele ya simu saa kumi na moja kamili alfajiri, akalala kwenye mkeka wake mapema kabla mtu hajamsemesha. Loisi alipoondoka alfajiri na sufuria la uji, alimpita akikoroma. Akaona simu iko pembeni ya kichwa chake, kengele imewekwa. Akamwacha.

Sasa, watu wa Tunduma wanajua kitu kimoja kuhusu simu. Ukivuka nayo, inajiandikisha Zambia yenyewe na kurudi nyuma saa moja. Ukirudi, kuna siku inakumbuka kurudi nawe, na kuna siku inabaki kule.


"Baba. Baba, amka. Ni saa kumi na mbili."

"Saa kumi na moja," alisema Boazi bila kufumbua macho. "Kengele ndiyo kwanza inalia."

"Baba, kumekucha."

"Hakujakucha."

"Mwanga huu hapa dirishani."

"Basi umetoka mapema."

Jenista alikuwa amevaa sare, soksi zimepandishwa hadi magotini, penseli mbili na rula mkononi. Aliichukua simu ya baba yake, akaitazama juu pale penye jina la mtandao, akaisogeza mbele ya macho ya Boazi. Boazi akasoma jina la mtandao. Lilikuwa la Zambia.

Aliinuka haraka mno na ukuta ukamfuata. Alijaribu kuvaa suruali na mguu ukaingia upande usio wake. Mikono ilikuwa inatetemeka kama wiki ya kwanza, tena zaidi. Hakuweza kushika mswaki. Alienda chooni uani, akajifungia, akatoa kale kachupa mfukoni. Hapa hapakuwa na Deus, wala hesabu yoyote. Alikuwa Majengo. Alikunywa kote kwa pumzi moja, amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa bati ili binti yake asiusukume.

Mikono ikatulia.

Walipanda bodaboda watatu kwa pamoja na dereva wake hadi nyumba ya masista. Sista Fides alikuwa amesimama kando ya Kosta, rozari mkono mmoja, funguo mkono mwingine.

"Umechelewa dakika hamsini."

"Simu ilikuwa Zambia, Sista."

Sista alikuwa mtu wa Tunduma, akalielewa. "Puliza."

Boazi alikuwa hajatafuna hata jani moja. Alipuliza huku akisali kimoyomoyo, na alijua kabisa hewa ile ingeweza kuwasha kibiriti. Sista akafumba macho. Akavuta pumzi, akakaa nayo.

"Nenda na amani," alisema, akamwekea funguo kiganjani. "Kimbia, watoto wanangoja kituo cha Sogea."

Boazi alisimama na funguo. Alikuwa amepita. Loisi asingeondoka, bombani wasingemcheka tena, na Deus mwenyewe angepiga magoti kwa miujiza hiyo. Alizunguka mbele ya gari hadi mlango wa dereva, akaufungua, na kupitia dirishani akamwona Jenista anapanda upande wa pili. Wa kwanza kupanda. Akakaa kiti cha mbele kabisa, akaweka penseli mapajani, akazipanga sambamba, akamtazama baba yake kwa imani yote aliyokuwa nayo mtoto wa miaka kumi na tatu.

Pale mlangoni mwa dereva Boazi aliziona penseli nne, naye alijua ni mbili.

"Sista," alisema Boazi.

"Nini tena?"

"Nimekunywa."

Sista akashusha miwani. "Lini?"

"Jana. Na juzi. Na sasa hivi."

"Ulikunywa wapi?"

"Jana na juzi Zambia."

"Na sasa hivi?"

Boazi alitazama chini, kwenye ndala zake. "Chooni kwangu," alisema. "Tanzania Bara."

Kisha Sista Fides akanyoosha mkono kwa funguo, akakunja mikono ya gauni lake, akapanda kwenye kiti cha dereva. Leseni alikuwa nayo. Aliwahi kuendesha lori la misheni Ndalambo miaka minane. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuendesha kitu kingine.

"Wewe kaa mlangoni," alisema. "Mimi sijui vituo. Utaniambia, na utawapokea watoto. Jenista, shika kiti."

Kosta ikatoka getini kwa mruko mmoja.

Sista aliiendesha kama imebeba gunia mia mbili za mahindi na nje ni masika. Alitumia gia ya pili kwenye tambarare, ya kwanza kwenye kilima, na honi kwa kila kiumbe. Alimpigia honi mbuzi aliyefungwa kambani. Watoto wa Sogea walipanda wakiwa wanacheka, wa mtaa wa Mwaka wakapanda wakiwa kimya, wa mwisho wakapanda wakiwa wanasali. Boazi alining'inia mlangoni akiita majina yao, akiwashika mikono, akisema, "Kulia, Sista. Kulia. Kule kwingine kwa kulia."

Waliposhika barabara ya Mpemba, na malori yamesimama foleni ndefu upande wao, Boazi akasogea mbele.

"Sista. Hukusikia harufu?"

"Boazi, mimi sisikii harufu ya kitu chochote. Mwaka wa tatu huu."

Gari likapita malori kama kumi.

"Kwa hiyo ningeweza kuendesha," alisema Boazi.

"Ungeweza."

Boazi aligeuka kutazama nyuma. Walikuwa ishirini na wawili, rula zimesimama kwenye mapaja, wengine wanarudia hesabu kwa midomo. Mmoja alikuwa amesinzia kwenye bega la mwenzake. Kati ya malori yale na gari lao palikuwa na nafasi ya mkono mmoja. Alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, akashika chuma kwa mikono yote miwili mpaka shuleni.

Walifika saa mbili kasoro dakika nne. Msimamizi wa mtihani alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Jenista alishuka wa mwisho. Alisimama mbele ya baba yake kidogo, akampa penseli moja.

"Ya nini?"

"Nilikuwa na mbili," alisema, akakimbia.


Jioni ile Mzee Ombeni alifika kabla hajaitwa, na karatasi mpya.

"Kosa lilikuwa langu," alisema kwa uchungu wa kweli. "Niliacha tundu. Hapa nimeandika, ndani ya Jamhuri ya Muungano, na nchi zote jirani, na nchi wanachama wa jumuiya, na kwenye vyombo vya majini na vya angani."

"Mzee, asante sana," alisema Loisi. "Safari hii usiandike kitu."

Mzee Ombeni alikunja karatasi, akaaga kwa huzuni. Loisi alikaa mkabala na mumewe, pale pale pa siku ile.

"Siku kumi na nne umenidanganya," alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua uliponiita mukwai."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka niwe nimekosea." Alifuta kitu mezani ambacho hakikuwepo. "Madereva wangu wamenisimulia. Wamesema Sista aliwapita kwa gia ya kwanza, na wewe umekaa mlangoni kama kuku wa safari. Walicheka mpaka uji ukawamwagikia."

"Cheka na wewe."

"Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya lori nikalia, maana wangeweza kunisimulia kitu kingine."

Boazi alitoa ile penseli mfukoni, akaiweka mezani.

"Mtihani unaisha kesho," alisema Loisi. "Ijumaa tunaondoka."

"Loisi, nilisema ukweli."

"Ulisema. Ndiyo maana nakuambia tunaondoka Ijumaa, sikuondoka mchana huu ukiwa hupo."


Zikapita wiki tatu. Usukani Boazi hakuupata. Sista aliazima dereva wa parokia, na Boazi akapewa kazi ya mlangoni, kuwapokea na kuwashusha watoto, kwa nusu ya mshahara. Watoto wakamwita Kushoto-Kulia. Jumanne na Alhamisi alikwenda kliniki ya hospitali. Siku ya kwanza muuguzi, dada mdogo kiasi cha kuwa binti yake, alimuuliza kwa siku anakunywa kiasi gani. Boazi alifungua mdomo kuanza kueleza kuhusu saa za Zambia, akaufunga, akataja idadi. Muuguzi aliandika bila kuinua uso, akampa dawa, akamwambia pombe haiachwi ghafla bila dawa namna ile aliyoiacha mara ya kwanza, kuna wanaodondoka wakafa. Boazi alikaa kwenye benchi la nje muda mrefu baada ya hapo. Kwenye foleni ya kliniki aliwatambua watu wawili wa kwaya.

Jumamosi ya tatu alipanda gari hadi Vwawa, kisha akatembea na ndala zake hadi kwa wakwe. Shemeji zake walimwona tangu mbali, wakamsalimia, wakaenda zao shambani mmoja mmoja kwa adabu. Jenista akamkimbilia, akambeba mfuko, akamwambia Kiingereza kilikuwa kigumu ila hesabu alizimaliza zote.

Loisi alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kichanja, anachambua kahawa iliyokuwa inakaushwa. Alitupa punje mbovu chini, akaacha nzuri. Hakuacha kazi.

"Umefika."

"Nimefika, Mama Jeni."

"Umekunywa leo?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana." Boazi alisimama upande wa pili wa kichanja. Angeweza kuishia hapo, na jibu lingekuwa zuri. "Lakini nilitaka," alisema.

Vidole vya Loisi vilisimama juu ya kahawa.

"Saa ngapi?"

"Kutwa. Hata kwenye gari nikija. Hata sasa hivi, hapa."

Loisi alimtazama, akaitazama na mikono yake. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa amesikia viapo vingi, na vyote vilisema mumewe hataki tena. Huu ulikuwa mkutano wake wa kwanza na mtu anayetaka.

Akasogea, akampisha nafasi upande wake.

"Chambua huku," alisema. "Nyeusi tupa, iliyovunjika tupa." Boazi akaanza kuchambua. "Na uende taratibu, hapo umeshatupa nzuri mbili."